Mwanzi wa Kupimia Petroli

Mwanangu, harufu ya petroli ikinipata hata leo hunirudisha kwenye siku moja ya masika, enzi za Mwingereza, pale kwetu nje kidogo ya Njombe, baba yangu alipomrudishia mchumba wangu majembe ya posa kwa sababu ya tangi la mashine. Kaa vizuri. Ulipoingia hapa umeniambia kijana wako wa mashine anakunyonyea mafuta na kesho unamfukuza. Huenda anakunyonyea kweli, sijui, na mtu wa kushuku mimi simlaumu: hata chumvi nikiletewa na jirani naionja kwanza ndipo nishukuru. Lakini nisikilize.

Baba yangu, Zakaria, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu safi, asiyegusa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wala kukaa karibu na anayeugusa. Alipata mashine ya kusaga kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake. Kinu chake kilizungushwa na injini ndogo ya petroli, ile ya kuvuta kamba. Wanawake waliochoshwa na jiwe la kusagia walikuja na vikapu vyao hata kutoka upande wa Wanging'ombe. Na baba, aliyekuwa akilala usingizi mzuri siku zote, akaacha kulala. Alisema mali huja na macho ya watu.

Mwendesha mashine alikuwa Yeremia, kijana Mkatoliki wa Makambako, aliyejifunza injini kwenye karakana huko kwao. Ndiye aliyenichumbia. Baba alimkubali nusu nusu: mikono yake aliipenda, rozari yake hakuipenda. Mimi nilimpenda mzima mzima, nisikufiche, uzee umekwisha kuniondolea haya.

Ungemwona na ile injini! Asubuhi, kabla ya kugusa kamba, alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena, akakitazama. Chujio la hewa alilikung'uta, maana vumbi la unga huiziba injini pumzi. Plagi aliisugua masizi. Oili ilipogeuka nyeusi aliimwaga injini ikiwa bado na moto, itoke na uchafu wake, ndipo akatia mpya. Baba alipomwuliza mbona anahangaika na kitu kizima, alijibu kwa upole kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba akaanza kujiuliza kijana huyu anafungua-fungua nini kila siku.

Basi akajitengenezea kipimo. Alikata mwanzi mwembamba, chini akauacha na fundo lake, juu ukabaki wazi, akauchonga alama kwa kisu. Kila jioni aliuzamisha kwenye tangi asome petroli imefika wapi. Akishasoma, aliupindua juu ya mdomo wa tangi na kuukung'uta, ili petroli iliyoingia kwenye uwazi wake irudi, tone lisipotee. Kisha aliusimamisha nje, ukingoni mwa upenu, kwa kuwa mama hakutaka harufu ile ndani ya nyumba.

Kiangazi mambo yalikwenda vizuri. Masika yalipoingia, mvua na ukungu vikatukalia, injini ikaanza kukohoa na kuzima. Wanawake wakarudi na mahindi yao. Yeremia alifungua kikombe cha chini ya kabureta, akakimimina kwenye kisahani na kumwonyesha baba: petroli juu, chini matone ya maji yakikimbizana. Akamwambia kuna maji yanaingia kwenye tangi, na hajui yanaingilia wapi.

Mwenye hila angeonyesha? Angeyamwaga kimya kimya. Lakini mtu akishaingiwa na shaka, kila kitu kwake ni ushahidi. Baba aliyaona yale maji akaona wizi: kumbe kijana anachota petroli na kujazia maji ya mtoni! Aliniita jikoni.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," aliniambia. "Nilimsifu mno huyu."

Nililia, nikamwambia Yeremia si mtu wa hivyo. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba nguo yenyewe ni mimi. Neno hilo liliniuma kuliko kofi.

Tangu hapo nyumba ikawa ya kuviziana. Baba alimvizia Yeremia, Yeremia akamvizia huyo anayemtilia maji, mama akatuvizia wote dirishani. Debe la petroli lilipofika kutoka Makambako wazee wa kanisa walilinusa mmoja mmoja, kana kwamba kuna hata mmoja wao aliyejua ananusa nini. Asubuhi Yeremia aliyatoa maji, jioni baba alipima, kesho yake maji yapo tena. Mwishowe baba aliwaita wazee, akamkabidhi Yeremia majembe ya posa mbele yao. Yeremia aliyapokea kwa mikono miwili, akaaga kila mtu, mimi wa mwisho, akashika njia ya Makambako kwa miguu mvua ikinyesha.

Haukupita muda mashine ikakohoa tena. Yeremia hayupo, debe ni jipya, maji ni yale yale. Baba akaanza kunitazama mimi.

Alikuwapo bibi, mama yake baba, mjane wa mgema wa ulanzi, aliyekinga pombe yake kwa vipande vya mwanzi. Ulanzi huo ndio uliomlea baba na kumsomesha, ingawa baba hakupenda jambo hilo litajwe. Jioni moja bibi alikuja kuomba unga, akamkuta mwanawe anauchukua mwanzi upenuni kwenda kupima. Akamwambia angoje. Aliutwaa mkononi mwake, akaupindua juu ya bakuli lake la unga. Yakatoka maji, meupe, ya kujaza kiganja.

"Zakaria," alisema, "mwanzi ulio wazi ukiusimamisha kwenye mvua, hukinga. Baba yako aliishi kwa kazi hiyo. Na petroli itaingiaje humu, chini kuna fundo? Mgema ni wewe, mwanangu."

Baba alikaa chini pale pale kwenye tope, na kanzu yake ya kanisani.

Kesho yake alikwenda Makambako kuomba radhi, akanichukua. Tulimkuta Yeremia uvunguni mwa lori. Alinawa mikono, akatuagizia chai, akamsikiliza baba mpaka mwisho bila kumkatiza. Nikajua majembe yanarudi nyumbani. Nikaanza hata kutabasamu, maskini mimi.

"Baba, nimekusamehe," alisema. "Mashine ikikusumbua niite, nitakuja. Lakini kuishi nikipimwa kila jioni, sitaweza."

Na kweli alikuja kila alipoitwa, mpaka baba alipofariki. Aliitengeneza mashine, akanisalimu kwa heshima, akaondoka. Mimi niliolewa na mtu mwema, Mungu amrehemu, wala simsemi vibaya. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na hayo yalimwagika juu yangu.

Basi kesho usianze na kijana, anza na tangi. Fungua kikombe cha kabureta utazame kama kuna maji. Angalia mpira wa petroli usiwe na ufa, huenda mafuta unayoyalilia yanavujia ardhini. Kifuniko kibane, chujio lipumue, oili isipungue. Na kila kinachoingia ndani ya tangi kikaushe kwanza, iwe ni debe au funeli au kijiti, hasa kile unachokishika wewe mwenyewe. Ukimaliza yote hayo na petroli bado inapotea, hapo kaa na kijana wako, ninyi wawili tu, umwulize. Kushuku sikukatazi, ningekukatazaje na mimi nimo? Ila shaka yako nayo uifungue uitazame ndani, kama unavyoifungua injini.

Mungu akupe jicho la kuona kutu kabla haijatoboa, na ulimi mzito wa kumtaja mwizi. Mashine yako ivume masika na kiangazi, na asitoke mtu nyumbani kwako mvua ikinyesha. Haya, nenda. Na huyo kijana unisalimie.