Niliombwa Pini, Nikachomelea Baiskeli Nzima

Nimekosa, na sina wa kugawana naye lawama. Betri haikukosa. Barabara haikukosa. Hata yule makanga niliyemtukana wiki nzima hakukosa. Ni mimi.

Jina langu lifichwe tafadhali, ingawa watu wa Makongeni watanijua wakifika kwenye habari ya honi.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Makongeni, Thika. Ni kifungua mimba. Baba alitangulia, Mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, nami nikaacha shule darasa la sita ili wadogo wangu wapate kula. Wa mwisho alichukuliwa na shangazi kule Murang'a. Nikabaki na Nyambura katika chumba kimoja Kiandutu. Sijawahi kumlaza njaa, sijawahi kunywa hela ya unga. Nayasema haya mjue kwamba mtu anaweza kuwa mwaminifu kama jogoo na bado akawa mjinga.

Nyambura mguu wake wa kushoto ulikonda akiwa mtoto mdogo. Anatembea, lakini mwendo mrefu unamuumiza. Alikuwa anasomea ushonaji Ruiru. Kutoka kwetu hadi steji ni mbali, na kule Ruiru, kutoka steji hadi darasani ni mbali zaidi, tena ni kupanda.

Baba alituachia kitu kimoja cha maana: baiskeli ndogo ya kukunja. Alikuwa akitunza bustani kwenye shamba la kahawa, na meneja alipokuwa anarudi kwao akampa. Katikati ya fremu kuna bawaba. Unachomoa pini, unaikunja kama kitabu, unaitia kwenye buti ya basi.

Mwaka jana nikaitia umeme. Msicheke. Nilipata mota ya feni ya rejeta kutoka gari lililopinduka, nikaifunga nyuma ili isukume tairi. Betri ilikuwa ndogo, ya pikipiki, na Nyambura aliibeba kwenye kiondo mbele. Kwenye tambarare alikanyaga mwenyewe. Kwenye mlima alibonyeza swichi, ikamsukuma taratibu, ikinguruma kama mzee anayeota. Akifika steji anaikunja, anapanda basi, anashuka Ruiru, anaikunjua, anaendelea.

Kwa miezi minane hakuchelewa darasani hata siku moja. Kama ningeishia hapo, leo singekuwa na la kuungama.

Ubaya ni kwamba watu waliniona. Wakaanza kuniita Enjinia. Mtu aliyeishia darasa la sita akiitwa Enjinia, kofia yake huacha kumtosha.

Ijumaa moja Nyambura akaniambia, "Kaka, pini ya Baba imelika. Inacheza. Niwekee nyingine kabla ya Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani wake wa ushonaji. Kulikuwa na mama mmoja mwenye karakana ya kushona sare pale Ruiru, aliyekuwa ameahidi kumpa kazi akipita. Nyambura alikuwa ameshashona gauni la kuvaa siku hiyo, ili wasimamizi waone kazi yake hata kabla hajashika sindano.

Pini. Kazi ya dakika kumi. Kwenye kibanda changu nina mkebe mzima umejaa pini.

Lakini niulize, ni nani amewahi kukusanya watu kwa kubadilisha pini?

Nikajiambia kwamba dada yangu anastahili kitu kikubwa. Nilikuwa na mota niliyoitunza chini ya kitanda, ya kigari cha umeme cha kubebea mizigo, kilichotupwa na kiwanda. Mota hiyo ilitaka betri mbili za gari. Moja nikaazima. Nyingine nikaitoa kwenye televisheni yetu, maana chumbani hatuna stima. Jumamosi nzima nikafunga, nikakaza, nikaongeza vioo vya pembeni na honi ya lori. Nilipoijaribu iliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na pale kwenye bawaba fremu ikawa inatikisika vibaya.

Sisi mafundi wa jua kali tuna dawa moja ya kila ugonjwa. Nikaisukuma hadi kwa Mutiso, anayechomelea mageti.

"Nichomelee hapa," nikamwambia, nikimwonyesha bawaba.

Mutiso akainua miwani yake ya giza. "Enjinia, si hii ni ya kukunja?"

"Ilikuwa."

"Na mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe ni mimi. Wewe choma."

Akachoma. Alichoma vizuri, siwezi kumlaumu.

Jumapili baada ya ibada nikaionyesha nje ya kanisa. Ngai! Mngeona watu. Niliendesha mimi, wakaendesha vijana wa kwaya, akaendesha mzee wa kanisa mwenyewe, koti likipepea nyuma. Aliposhuka akasema, "Sisi tunangoja Wajapani, kumbe Mjapani anakaa Kiandutu." Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Honi ilipigwa mpaka kasisi akatuma mtu kuuliza kama kuna lori limekwama.

Nyambura akaja polepole, Biblia mkononi. "Umeweka pini?"

"Nimeweka kitu kinachoshinda pini."

Akainama, akapitisha kidole pale palipochomelewa. "Sasa itaingiaje kwa basi?"

"Basi la nini? Hii itakupeleka Ruiru mlango kwa mlango."

Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. "Kesho ni mtihani, kaka."

"Ndiyo maana nimefanya hivi."

Alitaka kusema kitu kingine. Aliwatazama wale watu, akanitazama, akaacha. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na mimi nilijua hilo. Nikajificha nyuma ya desturi hiyo kama mwizi nyuma ya mlango.

Nyumbani akauliza tena kama betri bado zina nguvu, baada ya kanisa zima kuendesha. Mahali tunapochajia pamefungwa Jumapili. Nikamwambia, "Nyambura, nani fundi hapa?"

Jumatatu asubuhi akaondoka na gauni lake jipya. Nikampungia mkono, nikarudi kibandani kutangaza safari. Kila mteja nilimpa habari. "Sasa amepita Juja." "Sasa anaingia Ruiru." "Saa hii amekaa kwa cherehani." Nilikuwa natangaza kama redio, na kama redio, sikuwa naona kitu.

Alirudi saa tisa mchana, kwa miguu kutoka steji. Gauni lilikuwa na grisi kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Akaketi kwenye kigogo cha wateja, akanieleza bila kuinua sauti.

Betri zilikuwa zimekufa kabla hajafika Juja. Akajaribu kukanyaga, lakini na mota ile na betri mbili za gari, baiskeli ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Akaisukuma. Basi likasimama, tena ni lile analopanda kila siku, makanga anamjua.

"Leta tukunje, madam," makanga akasema.

"Haikunjiki."

"Baiskeli ya kukunja haikunjiki?"

"Kaka yangu ameichomelea."

Makanga akaangalia betri, vioo na honi. "Hiki ni kitanda, madam. Sina nafasi ya kitanda." Basi likaondoka. La pili pia. Kuitupa kando ya barabara hakutaka, kwa sababu ni ya Baba. Akaendelea kuisukuma na mguu wake ule, mpaka akapata mama anayechoma mahindi aliyekubali kumwekea. Alipofika Ruiru kwa basi, mlango wa mtihani ulikuwa umefungwa, na msimamizi alimwonyesha saa ya ukutani.

"Nilikuomba pini," Nyambura akaniambia.

Basi. Wiki iliyofuata alihamia Ruiru kwa msichana waliyesoma naye. Ile kazi alipewa mwingine.

Mimi nilimtukana makanga kwa kila aliyenisikiliza. Kisha nikaenda kuchukua baiskeli kwa yule mama wa mahindi, nikaisukuma kutoka Juja hadi Kiandutu, miguu yangu yote miwili ikiwa mizima. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshajua uzito wa sifa zangu. Sikumtukana mtu tena.

Mutiso alijitolea kuikata kwa mashine. Nikakataa. Niliikata kwa msumeno wa mkono, siku nne, kila jioni kidogo. Nikairudisha mota ya feni na betri ya pikipiki. Bawaba ikafunguka. Mwisho nikaweka pini.

Ilichukua dakika saba.

Nikaipeleka Ruiru kwa basi lile lile. Makanga akanitambua kabla sijafungua mdomo. Akaishika, akaikunja, akaisukuma ndani ya buti.

"Enjinia, leo imekubali kuinama?"

"Imekubali."

"Na wewe?"

Nililipa nauli, nikaenda kukaa kiti cha nyuma.

Nyambura aliifungua na kuikunja mara tatu bila kunitazama. Alitikisa pini kwa vidole, akaona haichezi. Halafu akagusa ile honi ya lori, ambayo nilikuwa nimeiacha. "Na hii ni ya nini?"

Nikachukua spana nikaitoa. Alisema atafanya mtihani tena. Hakusema atarudi nyumbani, nami sikuthubutu kuuliza.

Wewe uliye mkubwa kwenu, uliyelea wadogo zako kwa jasho, nakuonya. Jasho hilo halikupi masikio. Ukiombwa pini, weka pini, kisha unyamaze.