Gongo Nililoandika Kuwa Halifai

Saa kumi kasoro dakika kumi na saba, alasiri ya Alhamisi, gongo letu la mwisho lilivunjika. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nimeishika mkononi, nikipima muda ambao mpira hutumia kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji. Mpira ulikuja, msichana akazungusha mikono, na badala ya ule mlio mkavu tuliouzoea ukatoka mlio wa muwa unaovunjwa gotini. Kipande cha mbele kiliruka, kikajigeuza mara mbili hewani pasipo haraka, kikalala kwenye nyasi upande wa mto Oli. Mpini ukabaki mikononi mwake. Aliutazama, kisha akatembeza kidole pale ulipopasuka, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mwalimu," akasema, "sasa nitapiga na nini?"

Mimi si mwalimu. Ni fundi wa mizani. Nina meza sokoni Arua, na wauza samaki, wauza maharage na wanunuzi wa tumbaku huniletea mizani zao zinapoanza kusema uongo. Besiboli niliikuta katika kitabu cha kanuni kilichokuwa ndani ya katoni ya vitabu vya zamani. Kilikosa kurasa nane za katikati, na kwa msimu mzima wa kwanza tulicheza tukiamini kwamba mchezaji akishafika kituo cha pili anaruhusiwa kupumzika. Kidogo kidogo nilijaza pengo hilo kwa kuuliza na kwa kutazama. Baada ya miaka minne nilikuwa na wasichana kumi na mmoja, mipira saba, na gongo moja lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Na sasa gongo hilo halikuwepo.

Zilibaki siku tisa. Jumamosi ya wiki iliyofuata timu ya Koboko ingekuja kucheza nasi, na mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni, huko kusini, angekuja kutazama. Alikuwa na nafasi moja ya kusoma bila ada. Kila mzazi alijua. Lakini kwa yule aliyevunja gongo, msichana mfupi kuliko wote, anayetoka Logiri na kutembea mwendo mrefu kuja mazoezini, jambo lilikuwa limekwishasemwa nyumbani: muhula ukiisha, masomo yameisha. Baba yake hakusema kwa ukali. Alisema jinsi mtu anavyosema kwamba mvua imekatika.

"Nikikosa," aliwaambia wenzake huku akicheka, "jembe iko inaningoja nyuma ya mlango. Haijawahi kunisahau hata siku moja."

Wazazi walichanga, nami nikaongeza, tukapata shilingi laki mbili na elfu kumi. Jioni ile niliwapima wapigaji wangu watatu bora. Niliandika urefu wa kila mmoja, urefu wa mkono, mzingo wa kiganja. Wa kwanza alikuwa mrefu na mwembamba, binti wa dereva. Wa pili alikuwa wa mkono wa kushoto, anayemsaidia mama yake kusukuma chapati pale mtaa wa Oli. Wa tatu alikuwa huyo wa Logiri. Niliziweka tarakimu zao katika safu tatu na usiku nikalala vizuri. Nilihisi kazi nusu imekwisha.

Kesho yake nilikwenda Koboko peke yangu. Huko kuna mama mmoja, Hajati, anayeuza mitumba ya kila aina, na nilikuwa nimesikia kwamba robota moja lilifunguliwa likakutwa na magongo. Nilimkuta amekaa nyuma ya pazia la kanga, kwenye kivuli cha rangi ya chungwa. Magongo saba yalikuwa yamesimamishwa ukutani, yameng'aa mafuta. Joto la adhuhuri lilikuwa limezima sauti zote za soko. Hata cherehani ya jirani ilionekana kwenda bila kulia. Nikaketi. Nikatoa mizani yangu ya ndoano, rula ya chuma, na daftari.

Sijui nilikaa pale muda gani. Ni ajabu kwa mtu kama mimi kukiri hivyo. Nilitundika gongo la kwanza kwenye ndoano nikasubiri mshale utulie. Nikalilaza juu ya ukingo wa rula mpaka likakaa bila kuinama upande wowote, nikaandika mahali lilipotulia. Nikalishika, nikafumba macho, nikaona uwanja wetu asubuhi na ukungu wa mto ukiwa bado haujainuka, na wasichana watatu wamesimama ndani yake mpaka magotini, kila mmoja akizungusha gongo ambalo halijatengenezwa. Nilipofumbua macho Hajati alikuwa ananitazama.

"Wewe fundi, unapima fimbo kama samaki?"

"Hajati, kila moja ina tabia yake."

"Tabia! Fimbo iko na tabia moja tu. Inauma." Akageukia jirani yake mwenye cherehani. "Askari wanakuja hapa, wanauliza neno moja: iko nguvu ama haiko? Huyu ameleta maneno mingi kama kadhi."

"Ni za kuchezea."

"Watu wazima wanacheza na hizi?"

"Wasichana."

"Ya Rabi! Basi waume zao wachunge adabu."

Nilichagua matatu. La mti la inchi thelathini na mbili, gramu mia nane na hamsini, kwa yule mrefu: elfu sitini. La mti, fupi kwa inchi moja na jembamba, kwa yule wa mkono wa kushoto: elfu hamsini na tano. Na kwa yule mfupi, la alumini, inchi ishirini na tisa, gramu mia tano na arobaini, jepesi na zuri, rangi ya samawati: elfu sabini, ghali kuliko yote. Nililinunua kwa furaha ya pekee. Nilikuwa namtunzia.

Kati ya yaliyobaki, moja nililipima mara mbili kwa kutoamini. Lilikuwa fupi, inchi thelathini, ila zito, gramu mia nane na themanini, na uzito wote ulikuwa umejaa kichwani. Mpini wake ulikuwa mwembamba. Juu ya rula lilitulia mbali sana na mkono. Hesabu zangu hazikumpata mtu wa kulishika: mwenye nguvu angetaka refu zaidi, na mfupi asingeweza kulisukuma. Nikaandika, "Halifai mtu yeyote," nikapiga mstari chini.

Jumamosi asubuhi niliyagawa. Yule mrefu alipiga mpira wa tatu ukapita juu ya nyasi hadi kwenye mihogo. Yule wa chapati alizungusha lake kama anaosha mikono, na kila mpira aliougusa ulikwenda. Kisha akaja yule wa Logiri na lile la samawati. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ukampita. Niliendelea kuhesabu mpaka kumi na tano, na kati ya hiyo aligusa miwili, nayo ikadunda miguuni pake. Nilichokiona kilikuwa kama ndoto ile ambamo mtu anakimbia na ardhi haisogei. Mikono yake ilikuwa ileile, macho yaleyale, lakini gongo lilikuwa limeshamaliza safari yake mpira ukiwa bado njiani.

"Linanitangulia, Mwalimu," akasema. "Naita mkono, yeye amekwisha fika."

"Utalizoea."

"Kwa siku saba?"

Yule wa chapati akajaribu mzaha: "Labda umfunge jiwe shingoni, atulie." Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye mwenyewe wa Logiri, ambaye alicheka kidogo, kisha akaniuliza kwa utaratibu, "Huko Koboko yalikuwa mangapi?"

Nikamsomea daftari, moja baada ya jingine. Nilipofika kwenye lile nililoandika kuwa halifai akainua mkono.

"Soma tena hilo."

Nikasoma tena. Fupi. Zito. Kichwa kimejaa, mpini mwembamba.

"Hilo ni jembe ya bibi yangu," akasema.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtu wa kwao analijua, na ambalo mimi, mtoto wa mjini niliyekulia kwenye meza ya mizani, sikuwahi kulazimika kulijua. Kwao mtu hanunuliwi mpini wa jembe. Hata mume hamnunulii mke wake. Akifanya hivyo watu husema anataka kumvunja mgongo. Siku ya soko pale Inde, kila mtu husimama mwenyewe mbele ya mipini, huishika mmoja mmoja, na huacha kichwa, ule upande mnene unaotiwa jembe, kianguke ardhini kwa uzito wake. Halafu husikiliza, ila si kwa sikio. Husikiliza kwa kiwiko. Mpini usio wako hukutetemesha pale. Ulio wako hunyamaza.

"Mwalimu alipima mkono yangu," alisema, kwa upole ulioniumiza kuliko lawama. "Lakini mkono haikuenda Koboko."

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda wawili. Njia nzima msichana aliweka lile la samawati magotini na kutazama dirishani, na mimi nikatazama vile vilima vikija na kuondoka, nikiwaza jinsi nilivyompima kila kitu na kuacha kumuuliza kitu kimoja.

Hajati alipotuona alipiga makofi. "Fundi amerudi! Samaki imeoza?"

Nikamweleza. Akasikitika kweli, akatutengea kiti. Lile gongo, alisema, lilikuwa limeuzwa jana yake kwa elfu ishirini na tano. Lilinunuliwa na mlinzi wa kituo cha mafuta, pale njia ya mpakani.

Tulimkuta mlinzi amekaa kwenye kreti ya soda, gongo limelala mapajani kama mtoto. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, afande," msichana akamwamkia.

"Marahaba, mutoto. Unataka mafuta?"

"Nataka fimbo yako."

Mlinzi alinitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha. "Mukichukua hii, mimi nitalinda na nini? Na maombi?"

"Tumekuletea nyingine," nikasema, nikamwonyesha lile la samawati.

Alilinyanyua kwa vidole viwili. "Hii iko nyepesi kama ya kukoroga chai. Mwizi akiona hii atacheka mpaka achoke, ndiyo nimukamate?"

"Kwanza umruhusu ajaribu lako, afande. Huenda hata halifai."

Akampa. Msichana alivua viatu. Alisimama kwenye udongo pembeni ya saruji, akashika ule mpini mwembamba kwa mikono miwili, akaacha kichwa kianguke. Kikaanguka. Akainua tena, akaacha. Vumbi jekundu likainuka kidogo na kukaa hewani, na jua la saa tisa lilikuwa limelijaza, hata miguu yake sikuiona vizuri. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho. Hakuna gari lililokuja katika muda huo. Nilijikuta nimekunja kiwiko changu mwenyewe, nikikisikiliza, na hakikuniambia lolote.

"Amenyamaza," akasema.

Mlinzi hakuelewa, lakini alikuwa ameacha kufanya mzaha. Alilitazama la samawati tena. Kisha, pengine kwa kutaka tu kulidharau vizuri, akaligonga kwenye nguzo ya chuma. Mlio wake ulikuwa wa juu na mrefu, ukaenda mpaka ng'ambo ya barabara na kurudi. Mbwa aliyelala chini ya lori akaamka na kukimbia bila kutazama nyuma. Wahudumu wakachungulia. Mlinzi akaligonga tena, taratibu, kama anayejaribu kengele ya kanisa.

"Eh!" akasema. "Hii iko na kelele ndani! Nikipiga hapa, mutu wa Congo anaamuka." Akalikumbatia. "Chukueni hiyo yenu. Na mimi munipe elfu tatu ya chai, kwa sababu nimeshamuzoea yule."

Nikampa.

Siku ya mchezo ilikuwa na mawingu mepesi. Mengi yamenitoka akilini au yamechanganyika. Nakumbuka mwalimu wa michezo, mama mwenye kofia nyeupe, akiwa kwenye kiti cha plastiki, na baba wa msichana akiwa amesimama mbali, karibu na barabara, kama mtu anayepita tu. Nakumbuka kwamba mara ya kwanza msichana alikosa. Mara ya pili akagusa mpira, ukadakwa. Mara ya tatu aliingia uwanjani, akavua viatu, akaacha kichwa cha gongo kianguke ardhini mara moja, na mrushaji wa Koboko akamcheka waziwazi: "We dada, umekuja kulima?"

"Ndiyo," akajibu. "Leta mbegu."

Mpira ulikuja. Lile gongo zito lilianza safari yake polepole, kana kwamba limechelewa, halafu uzito wote ukafika kwa pamoja. Mlio ulikuwa mkavu. Sikuhesabu muda. Nilisahau kwamba nina saa. Mpira ulipanda ukawa mdogo, ukapita juu ya mihogo, ukapita juu ya nyasi ndefu, na mahali ulipoangukia hatukupapata hata jioni, tulipotafuta sote pamoja na wa Koboko. Msichana alizunguka vituo vyote kwa mwendo wa mtu anayerudi nyumbani kutoka shambani.

Mama wa kofia nyeupe alikuja kwangu, akaomba kulishika gongo. Alilipima mkononi, akashangaa. "Nani alimchagulia hili?"

"Alijichagulia," nikasema. "Mimi nilikuwa nimelikataa."

Akaandika jina la msichana, akaenda barabarani kuzungumza na baba. Niliwaona kwa mbali, baba akiwa amevua kofia, akitikisa kichwa kwa kukubali, tena na tena.

Muhula ulipoanza aliondoka na gongo lake limefungwa kwenye kitenge cha bibi yake. Jioni hiyo nilifungua daftari, nikafuta maneno "Halifai mtu yeyote", nikaandika "Lina mwenyewe." Kisha, kwa kuwa kosa likiachwa bila kuandikwa hurudi, nilipiga hesabu ya kwenda kwangu Koboko bila yeye. Tofauti ya bei kati ya gongo nililonunua na lile nililoacha, elfu arobaini na tano. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, elfu arobaini. Chai ya mlinzi, elfu tatu. Hasara, ambayo nimeilipa mfukoni mwangu: shilingi elfu themanini na nane.