Kadi ya Nevena

Mjini Gabrovo, ukitaja Linux, ule mfumo huria wa kompyuta, watu walikuelekeza kwa Lyuben Tashev. Alikuwa mtunza kompyuta wa nyumba ya utamaduni ya mtaa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kila Jumamosi yeye na wenzake walikutana katika chumba kilicho juu ya posta, wakanywa rakia, pombe kali ya plamu, na kubishana. Msimamo wake ulijulikana: haiingii ndani ya kompyuta yake programu ambayo msimbo wake umefichwa. Draiva za kadi za picha, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa kinachochora picha kwenye skrini, ndizo zilizomkera kupita zote, maana watengenezaji wa kadi walizigawa zikiwa zimefungwa, uzipokee zilivyo bila kuuliza kilichomo. Zilikuwapo draiva huria, zilizo wazi kwa yeyote kuzisoma, zilizoandikwa na watu wa kujitolea, na Lyuben alizing'ang'ania hizo hata pale zilipochechemea.

Mkewe Nevena hakuwa na ugomvi na hayo mpaka alipoanza filamu yake.

Nevena alikuwa mchoraji wa katuni. Filamu yenyewe ilikuwa fupi, inamhusu mama yake, Stoyna, aliyefuma vitambaa kiwandani tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipofungwa. Nevena alikuwa amekijenga kiwanda kizima ndani ya kompyuta: mitambo, madirisha yenye vumbi, wanawake wenye vilemba wakipigiana kelele ili wasikiane. Bibi Stoyna alikuwa akiishi Tryavna, moyo wake ukiwa umeanza kumchosha, na kila walipokwenda kumwona aliuliza, "Mwanangu, kiwanda changu nitakiona lini?"

Nevena alinunua kadi ya picha yenye nguvu kwa urithi wa shangazi yake. Lyuben akaifunga vizuri kwenye kompyuta, akaweka draiva huria, na kadi ikakaa mle kama pambo. Draiva ile haikujua namna ya kuiamsha. Kazi yote ikabebwa na prosesa ya kompyuta peke yake, na picha moja tu ya filamu ilitoka baada ya mtu kupika, kula na kuosha vyombo.

"Lyubo, weka ile ya kampuni," Nevena alimwambia. "Nimalize tu, halafu uing'oe."

"Toleo jipya la Linux likitoka, hii itakuwa na kasi. Watu wanaishughulikia."

"Litatoka lini?"

"Kiangazi, pengine."

"Tamasha ninalotaka kuipeleka linafunga kupokea filamu mwezi wa tano."

"Basi tusubiri kidogo."

"Wewe ndiye wa kusubiri. Mama yangu hana huo muda."

Siku moja Lyuben akiwa kazini, Nevena aliamua kujiwekea draiva mwenyewe. Alifuata maelezo ya mtandaoni, hatua kwa hatua, akaizima kompyuta na kuiwasha. Skrini ikawa nyeusi tititi. Lyuben aliporudi alimkuta amekaa mbele ya skrini hiyo, mikono mapajani.

"Nimeiua?" Nevena aliuliza.

Lyuben alifungua dirisha la amri, akasoma maandishi yaliyopita, na akaona tatizo papo hapo. Draiva zilikuwa mbili zikigombea kadi moja. Ile huria ilikuwa imeamka kwanza na kuishikilia, hivyo ya kampuni ikakosa pa kuingia. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa maandishi kwenye faili, wa kuikataza ile ya kwanza isiamke. Angeuandika huku amesimama.

Hakuuandika. Aliing'oa draiva ya kampuni, akairudisha kompyuta kama ilivyokuwa, na picha iliporudi akasema, "Ndiyo maana nakuambia. Takataka zile."

Nevena alimshukuru. Hilo ndilo lililokuja kumchoma Lyuben baadaye, kwamba alishukuriwa. Na siku ile hakuishia hapo. Mkewe alipotoka kwenda dukani, aliwasha ulinzi unaoifanya kompyuta ikatae draiva yoyote isiyo na saini inayotambulika. Akajiambia ni kwa usalama wa mashine.

Mwezi wa tano ulipita filamu ikiwa nusu. Nevena hakupiga kelele. Ilipofika vuli alipata kazi Plovdiv, katika studio inayotengeneza matangazo ya mtindi, akafungasha nguo zake na nakala za faili zake.

"Na kompyuta?" Lyuben aliuliza.

"Baki nayo. Kilichomo humo ni cha kwako, si ndivyo ulivyotaka?"

Bibi Stoyna alifariki mwezi wa pili. Lyuben alikwenda Tryavna kumzika, akasimama nyuma kabisa karibu na lango la makaburi. Watu walipogawiwa ngano tamu ya kumkumbuka marehemu, Nevena alimletea yake kwenye kikombe cha karatasi, akampa bila kumtazama usoni, akarudi kwa ndugu zake.

Kule kwenye chumba cha juu ya posta, Zahari, rafiki yake wa siku nyingi, alimtania. "Haya, bwana mkubwa. Mke kaenda, uhuru umebaki. Huo uhuru unakupikia supu?" Wengine wakacheka. Lyuben naye alicheka, akamaliza glasi yake na kuondoka mapema.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, aliketi mbele ya kompyuta na kuanza kuweka draiva ya kampuni. Alipoiwasha upya, giza. Akasoma maandishi: draiva imekataliwa, haina saini. Kufuli lile alilifunga kwa mkono wake. Akatengeneza ufunguo, akaitia draiva saini kwa ufunguo huo, akausajili kwenye ule ukurasa wa bluu unaojitokeza kabla mfumo haujaamka. Giza tena. Sasa zilikuwa zile draiva mbili zinagombana. Aliandika mstari uleule ambao hakuuandika kwa ajili ya Nevena, akawasha upya, na picha ikaja, safi, pana, haina hata mkwaruzo.

Nje jua lilikuwa bado juu ya mapaa.

Alifungua filamu. Mitambo ikaanza kufuma. Picha zilizokuwa zikitoka kwa kuviziwa sasa zilimiminika, na msichana mwenye kilemba, mwenye kidevu cha Bibi Stoyna, akageuka na kumcheka mtu asiyeonekana. Lyuben alichukua simu, akampigia Nevena.

"Nimeiweka," alisema. "Ile draiva. Inafanya kazi."

Nyuma ya Nevena kulikuwa na sauti za watu ofisini.

"Imekuchukua muda gani?"

"Mchana huu."

"Mchana mmoja."

"Ndiyo."

"Lyubo, nikuulize kitu. Siku ile nilipojaribu mwenyewe, ulijua tatizo ni nini?"

Angeweza kusema hapana, na asingekuwapo wa kumbishia.

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikushukuru."

"Nilifunga na ulinzi pia. Ili usije ukajaribu tena."

Alimsikia akivuta pumzi. "Sawa," Nevena alisema. "Angalau umesema."

"Naweza kuzitoa picha zilizobaki na kuimalizia, nikutumie. Ni siku chache tu sasa."

"Umtumie nani? Aliyekuwa anaisubiri tumeshamzika, na wewe ulikuwepo." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na mteja, "Nina kazi hapa. Kwaheri."

Lyuben aliimalizia hata hivyo. Alimtumia, na jibu halikuja. Kule juu ya posta aliacha kwenda. Watu wa mtaani wanaomletea kompyuta zao sasa anawawekea draiva wanayoitaka bila kuwahubiria, na Zahari anasema mzee amelainika. Wiki iliyopita sasisho la mfumo lilivunja draiva na skrini yake ikawa nyeusi tena. Aliirekebisha kabla chai haijapoa, akakaa kwenye nyumba iliyo kimya, hana wa kumwambia kwamba imepona.