Siku Caritas Alipomfuata Zéphyrin Majini

Katika nyumba ya wazee pale Kenmore, kaskazini mwa Buffalo, Caritas alijulikana kwa kicheko chake. Hata wazee wenye masikio mazito walimsikia akiwa bado ukumbini. Aliwaogesha, akawachana nywele, akawavisha soksi, na bibi mmoja wa miaka tisini na kitu hakuchoka kumsimulia jinsi wazazi wake walivyokuwa wakiwapeleka watoto kando ya Ziwa Erie kila kiangazi. Walilala hemani usiku mmoja, wakachoma mahindi, wakarudi nyumbani na mchanga masikioni.

Caritas akaingiwa na tamaa ya mchanga ule. Kiangazi cha mwaka 2015 akawapigia simu ndugu zake wawili. Wote watatu walizaliwa kando ya Ziwa Kivu, karibu na Bukavu. Walikimbia vita pamoja, wakaishi kambi moja nchini Uganda, halafu Marekani ikawatawanya: Caritas na mume wake huko Buffalo, mdogo wake Dative huko Columbus, na kitinda mimba wao, Zéphyrin, huko Louisville. Tangu waagane walikuwa wakionana kwenye simu tu.

"Twende tukapige kambi," Caritas akawaambia.

"Kambi?" Dative akampigia kelele dada yake mkubwa, yaya kwa lugha ya kwao. "Yaya, tulitoka kambini tukimshukuru Mungu, na wewe unataka kuturudisha?"

"Hii ni kambi ya kufurahi."

"Donc, kumbe kuna kambi ya kufurahi! Mbona kule hawakutuambia?"

Walicheka mpaka hawakuweza kuendelea kuongea. Lakini walikuja, wakakutana kando ya Ziwa Erie.

Dative alishuka kwenye gari amekumbatia sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofungwa blanketi kama mtoto mchanga. Alikuwa mpishi katika kantini ya wanafunzi wa chuo kikuu kule Columbus, na hakuamini chakula cha mtu mwingine. Zéphyrin alifika mwisho. Alikuwa ametoka zamu ya kupakia mizigo ghalani, akapanda gari moja kwa moja. Dada zake walimwacha kijana mwembamba kama ufito. Sasa aliyekuwa akishuka alikuwa jibaba, mabega yamejaa mlango.

"Wewe ni nani?" Caritas akauliza, machozi yakimtiririka. "Umemla Zéphyrin wetu?"

Akawainua wote wawili kwa pamoja, wakipiga kelele, mpaka majirani wa hema la pili wakatoka kuangalia kuna nini.

Hema lao walilisimamisha ndani nje. Aganze, mtoto mkubwa wa Caritas, alikuwa akiwasomea maelekezo kwa Kiingereza, lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa maana kila mmoja alikuwa akisimulia habari yake. Hema likaanguka, wakalisimamisha tena, likaanguka upande wa pili. Mwishowe Zéphyrin akachoka. Akajaza hewa godoro la plastiki, akaliburuta mpaka pale mawimbi yanapolamba mchanga, akajilaza na viatu vyake.

"Nifunge macho kidogo tu," akasema, na papo hapo akaanza kukoroma.

Dada zake wakarudi kwenye moto, wakipasha sombe na kukaanga samaki. Hakuna aliyeona upepo ukigeuka. Ni Jolie, binti wa Caritas wa miaka tisa, aliyekuja akila mahindi yake taratibu.

"Mama, Tonton anaenda," akasema juu ya mjomba wake.

"Anaenda wapi?"

Jolie akaangalia ng'ambo ya ziwa. "Kanada."

Caritas akageuka. Godoro lilikuwa mbali, linazunguka polepole, na mlima wa mtu umelala juu yake. Wakati huohuo Zéphyrin akafumbua macho, akaona maji kila upande. Akakaa kwa ghafla, godoro likajikunja katikati, na sauti yake ikasikika ufukwe mzima.

"Yaya! Yaya, niko nakufa! Muniombee!"

Dative akapiga magoti, akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Caritas hakuomba. Alitupa ndala zake, akaingia majini na kitenge chake, na maji yalipomfika kifuani akajitupa mbele. Aganze alibaki mdomo wazi. Huyu ndiye mama ambaye hakuwahi kuwaambia kwamba anajua kuogelea. Lakini mikono ya Caritas haikusahau. Alipokuwa msichana aliogelea mpaka kwenye mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, dagaa wa Kivu, na kila jioni aliadhibiwa, na kesho yake alirudi.

Alimfikia akihema.

"Tulia, utatuzamisha!"

Zéphyrin hakutulia. Aliteleza, akamkumbatia shingoni, wakazama wote wawili. Na huko chini, badala ya kina, miguu ya Caritas ikakuta mchanga. Walikuwa juu ya fungu la mchanga. Akasimama. Maji yalimfika mbavuni.

"Zéphyrin."

"Niko nakufa, yaya."

"Simama."

"Siwezi!"

"Simama, nimekuambia!"

Akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Akaangalia chini, akamwangalia dada yake, na Caritas akaangua kile kicheko chake, akacheka mpaka akaanguka tena majini, safari hii kwa raha. Kule ufukweni Dative alikatiza sala katikati, akajiviringisha mchangani akicheka.

Walipokwisha kupumzika kidogo, Caritas akamvuta pembeni ya godoro kupita pale penye kina, naye akipiga mateke kwa nguvu zote. Watu wasiowajua wakawapigia makofi.

"Bon," Zéphyrin akasema, akiangalia mguu wake mtupu. "Kiatu changu kimoja."

"Kimeshafika Kanada," Dative akajibu. "Kimeomba ukimbizi."

Aganze akamfuata mama yake na taulo. "Mama, kwa nini hukutuambia?"

"Nilifikiri ile akili ya kuogelea ilibaki Kivu," Caritas akasema. Alikuwa bado akitetemeka na kucheka. "Kumbe nilikuja nayo. Njoo nikuonyeshe."

Sombe ikapoa, samaki wakaungua upande mmoja, na wao walikuwa bado majini penye kina kidogo, Jolie amelala juu ya viganja vya mama yake, akirusha maji kila upande. Usiku walibanana hemani wote, miguu ya Zéphyrin ikibaki nje, na akina dada wakachekacheka kama wasichana mpaka usingizi ukawanyamazisha.

Baada ya wiki chache Zéphyrin alituma picha kutoka Louisville. Alikuwa kwenye bwawa, katikati ya watoto wa miaka sita, amevaa miwani ya kuogelea, ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili. Mwalimu wake, akaandika, anasema anaendelea vizuri.