Mama Bisibisi na Mashine Asizoziona

Ukitaka kugombana na Mama Bisibisi, mpelekee laptop yenye chapa ya nanga kisha umwambie ni mashine nzuri. Atakutazama juu ya miwani, atakuonyesha kwa kidevu rafu iliyo nyuma yake, na hatatia neno. Rafu yenyewe itasema. Nanga juu, Nanga chini, Nanga zilizolaliana matumbo wazi, nyingine zikingoja betri, nyingine feni, nyingine bawaba za skrini.

"Wenye mashine hizi wote," atakwambia mwishowe, "waliambiwa ni nzuri."

Alikuwa fundi wa laptop, mwanamke wa makamo, mwembamba wa mwili lakini mnene wa maneno. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho zamani kilikuwa sebule, na bado kilikuwa na pazia la maua na saa ya ukutani iliyosimama. Ufundi aliurithi kwa mumewe, marehemu, aliyekuwa akitengeneza redio. Mume alipoondoka alimwachia binti mmoja mdogo na kisanduku cha bisibisi, na mjane hakukaa akisubiri huruma za watu. Alijifunza, akaunguza vidole, akaharibu vitu vya watu na kuvilipa, mpaka mkono ukakubali. Jina la Mama Bisibisi alibandikwa na mteja mmoja mtani, na likaganda hadi wengine wakadhani ndilo alilopewa na wazazi.

Kila aliyetaka kununua laptop alipitia kwake kwanza. Hukumu zake zilikuwa fupi. "Nanga usiguse. Mnara, ukikosa nyingine, chukua. Kipepeo? Funga macho ununue. Mimi sijawahi kuiona Kipepeo mezani kwangu, hata kwa dawa." Mtu alishukuru, akaenda zake dukani akanunua yenye kipepeo mgongoni. Nani angebishana na mtu anayezipasua mashine kila siku?

Alikuwa na ila moja, na tuiseme mapema maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Ukimpelekea mashine iliyokufa, hakukuuliza imeanzaje. Alikuuliza, "Umeimwagia nini?" Ukiapa kwamba hukumwaga kitu, alikuuliza umeiangusha wapi. Mara nyingi alipatia, maana watu nao ni waongo, mtu anakuja na mashine inayonuka maziwa anaapa kwa jina la mama yake. Lakini hata yule asiye na kosa alitoka pale kajiinamia, mashine imepona na yeye mwenyewe anaumwa.

Binti yake alipomaliza masomo alizunguka na vyeti mpaka soli zikaisha. Hatimaye kampuni moja ikamwita kwa majaribio. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa nyumbani: watu wanarekodi mikutano yao, yeye anasikiliza na kuandika neno kwa neno, hata pale wanapokohoa. Akifaulu majaribio, anaajiriwa. Akikwama, kulikuwa na foleni ndefu ya waliokuwa wakiingoja nafasi hiyo.

Ilitakiwa laptop. Binti alitaka Nanga, kwa sababu rafiki yake anayo na haijamsumbua.

"Rafiki yako anayo moja," Mama Bisibisi alisema. "Mimi ninazo rafu nzima. Nani anajua zaidi?"

"Wewe, Mama."

"Basi."

Ikanunuliwa Kipepeo mpya, nyembamba, inayong'aa, nyepesi kama sahani. Mama alijivunia kuliko mwenye nayo. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Hata binti yangu nimemchukulia hiyohiyo," na binti, akiwa chumba cha pili na visikilizio masikioni, alisikia yote.

Siku ya kukabidhi kazi ilikuwa Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo adhuhuri Kipepeo ilizima. Haikulia, haikuonya. Skrini ilikuwa nyeupe, ikawa nyeusi, na kazi yote ya juma la mwisho la majaribio ikabaki ndani, kwa sababu binti alikuwa akizima mtandao anapoandika ili kifurushi kisiishe. Alikuja karakana ameikumbatia mashine kwa mikono miwili.

"Umeimwagia nini?" akauliza mama. Lilimtoka lenyewe.

Binti aliiweka mezani, akaenda kumpigia simu msimamizi wake. Msimamizi, mwanamke mwenye sauti ya upole isiyopinda, alimpa hadi Jumatatu asubuhi. Sauti za mikutano bado zilikuwa kwenye tovuti ya kampuni, kwa hiyo angeweza kuanza upya. Baada ya Jumatatu wangemchukua mwingine.

Mama Bisibisi alijifungia na Kipepeo. Hapo ndipo alipokutana na kitu ambacho hakuwahi kukutana nacho, kwa kuwa hakuwahi kuifungua mashine ya namna ile. Hakukuwa na skrubu za maana. Betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Memori na diski vilikuwa vimechomelewa kwenye bodi, huwezi kuchomoa hiki ukaokoa kile. Na katikati ya bodi kulikuwa na doa jeusi lililoungua. Hakukuwa na tone la maji wala alama ya kuanguka. Aligeuza, akapima, akapuliza, akasali. Jioni alitoka na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Haiwezekani, mwanangu," alisema, na lilikuwa neno ambalo karakana ile haikulizoea.

Mashine za rafuni zilikuwa za watu, na kutumia mali ya mteja ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na njaa. Yeye mwenyewe hakuwa na laptop, simu ilimtosha. Kwa hiyo Jumamosi kulipokucha alijitanda khanga akatoka kwenda kuazima. Safari hii, kabla ya kuomba, alikata shauri kuuliza.

Alianzia kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mzee mtani ambaye waliitana "fundi mwenzangu".

"Fundi mwenzangu, laptop yako inaendeleaje?"

Mzee akaondoa mguu kwenye cherehani. "Imefanya nini?"

"Sijui. Nauliza tu hali yake."

"Wewe huulizagi tu, bibi. Nani kakuambia kitu?" Na akaifunika kwa kipande cha kitambaa, kama mtu anayemficha mtoto asichomwe sindano.

Ilimchukua muda kumtuliza. Mwisho mzee akaifunua. Ilikuwa Nanga, imejaa nyuzi na vumbi la vitambaa, vitufe vimefutika maandishi. Alihifadhia vipimo vya wateja, na jioni alitazamia mpira.

"Niliinunua kitindamimba wangu hajaota meno," alisema. "Sasa yeye ndiye anayenisahihisha hesabu."

"Mbona hujawahi kuileta kwangu?"

"Niilete nikwambie nini? Kwamba ni nzima? Si ungenifukuza!"

Akacheka mwenyewe. Mama Bisibisi hakucheka. Alivuka barabara hadi kwa muuza dawa, akakuta Nanga mbili juu ya kaunta. Moja aliitambua kwa mkwaruzo: aliibadilishia betri yeye mwenyewe, zamani mno hata hakumbuki. "Ndiyo hiyohiyo," muuza dawa alisema. "Uliitibu mara moja, dada yangu, haijaumwa tena."

Alitoka pale mwendo umempungua. Alianza kuona kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote. Rafu yake ilijaa Nanga kwa sababu mtaa mzima ulijaa Nanga, na kwa sababu Nanga ikiumwa inafunguka, inatibika, inarudi kwa mwenyewe. Aliowajua yeye ni wagonjwa tu. Wazima hawakuwa na sababu ya kumwona.

Lakini Kipepeo je? Mbona hakuja hata moja iliyo mgonjwa? Alimkumbuka mwalimu mmoja mstaafu ambaye alimshauri kwa kinywa chake. Akaenda.

Mwalimu alimkaribisha kwa heshima zote, akamfutia kiti, akamwuliza habari za nyumbani mara mbili. Kipepeo yake ilikuwa sebuleni palepale. Ilikuwa chini ya televisheni, imeinyanyua kidogo ili ionekane vizuri ukiwa umekaa.

"Mwalimu, hiyo siyo laptop?"

"Ndiyo."

"Imekuwaje?"

Mwalimu alikohoa. "Ilijizimia tu, dada. Hata haikukaa na sisi sana."

"Na hukuniletea?"

Mzee alitazama sakafu, kisha akatazama mlango kama anayetaka mtu aingie amwokoe. Hakuingia mtu. "Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Ungeniuliza nimeimwagia nini. Nami nisingekuwa nimemwaga kitu. Sasa ningekujibuje? Wewe ndiye uliyenichagulia. Nikaona nikikuletea nitakuaibisha, au utaniaibisha mimi. Bora ninyamaze." Akavuta kiti karibu. "Na si mimi peke yangu. Binti wa mwenye nyumba, ile yake iko kabatini. Katibu wa kwaya alipeleka kwa fundi wa mjini, akaambiwa haifunguki. Tuliambizana tusikufikishie. Watu wanakuheshimu, dada."

Mama Bisibisi aliwahi kutukanwa na wateja, aliwahi kuibiwa, aliwahi kuitwa mwizi. Hakuna lililowahi kumchoma kama heshima ile. Watu walikuwa wamebeba hasara zao kimyakimya ili yeye aendelee kujiona hodari, na yeye, kwa kuwa hakuna aliyelalamika, akaendelea kuwatuma wengine kwenye shimo lilelile. Mwisho akamtuma mwanawe.

Alirudi kwa fundi cherehani, akaomba Nanga hadi Jumatatu. Mzee alinuna, akaipangusa kwa shati lake, akampa pamoja na masharti mengi kuhusu mpira wa Jumapili.

Binti alianza kuandika palepale, kwenye meza ya karakana. Mama alisimama nyuma yake.

"Mwanangu. Ile nyingine ilianza lini kusumbua?"

Vidole vikasimama.

"Niambie tu."

"Juma la kwanza," binti alisema bila kugeuka. "Ilikuwa inachemka mpaka inaniunguza magoti. Halafu inaganda, nazima, nawasha."

"Juma la kwanza! Na mimi niko hapa, hatua chache, fundi, mama yako!"

"Ungesema nimeidondosha, Mama."

Mama akaigeukia ile Kipepeo iliyokufa, pembeni ya meza.

"Na ulikuwa na furaha," binti akaendelea. "Kila anayeingia unamwambia, binti yangu anayo hiyohiyo. Ningekwambiaje? Nikasema nitajikaza mpaka majaribio yaishe."

Mama Bisibisi aliingia jikoni. Hakuwa na kazi jikoni. Alishika ukingo wa ndoo akalia kwa uchungu, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, kwa sababu aliona wazi: mtoto aliyemlea peke yake, aliyempa kila alichonacho, alikuwa radhi aungue magoti na kupoteza kazi kuliko kumwambia mama yake neno moja. Alinawa uso, akarudi.

"Nisamehe," alisema. "Hukumwaga kitu, hukudondosha kitu. Mimi ndiye niliyekosea, na mimi ndiye niliyekufanya uogope kuniambia. Nisamehe, mama."

Binti akafuta macho kwa kiganja. "Nimekusamehe. Sasa nyamaza kidogo, huyu bwana anaongea kama ana ugali mdomoni."

Wakagawana visikilizio, sikio moja kwa kila mtu. Palipokuwa na kelele, mama alirudia alichosikia na binti akaandika. Mara tatu mama alileta ubishi juu ya neno, mara tatu wakarudisha sauti nyuma, na mara zote alishindwa akakubali. Jumamosi ikapita hivyo, na Jumapili pia. Fundi cherehani alikuja kuulizia mpira wake, akawakuta wameinamiana vile, akaondoka polepole bila kubisha hodi. Jua lilipokaribia kuzama kazi ilikuwa imetumwa.

Jumatatu simu ililia wakati mama anapanga bisibisi zake. Binti akabonyeza spika.

"Kazi imefika," sauti ya upole ikasema. "Ni safi. Tumeamua kukuajiri."

Mama Bisibisi akaziacha bisibisi akasogea karibu na simu.

"Jambo jingine. Kampuni itakupa mashine, tusije tukarudia yale ya Ijumaa. Tunazo Nanga, Mnara na Kipepeo. Unapendelea ipi?"

Binti akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia mama yake. "Mama," akanong'ona, "nichukue ipi?"

Baada ya yote yale, bado alimuuliza. Mama Bisibisi alihisi jibu limemjia hadi ncha ya ulimi, fupi, la uhakika, na safari hii alijua ni sahihi. Akalimeza.

"Wewe ndiye utakayekaa nayo," alisema. "Wewe unaonaje?"

Binti alimtazama mama yake kwa muda mrefu, mpaka yule msimamizi akasema haloo, akarudia, haloo, bado uko hapo?