Jina la Marehemu Kwenye Orodha

Siku ya kura ya rais, mwaka 1808, Geertje Stryker alikwenda kwenye kilabu cha pombe kijijini, palipowekwa sanduku. Miaka minne nyuma New Jersey iliipokea kura yake, kwa kuwa alikuwa mjane mwenye shamba. Leo shemeji yake Abram, mwenye orodha ya wapiga kura, alimzuia.

"Rudi nyumbani, shemeji. Sheria imebadilika, wanawake hawapigi kura tena."

"Na kodi ya shamba, hamuichukui?"

"Kodi haivai gauni," mlevi mmoja akasema. Wakacheka.

Abram akaendelea kuita majina. "Teunis Stryker."

Kicheko kikakatika. Mume wa Geertje alikuwa kaburini miaka sita, na hakuna aliyelifuta jina lake. Mbao za sakafu zikalia mlangoni, polepole, kama zilivyolia zamani chini ya mguu wake mbovu. Wanaume wakasogea kupisha, ingawa hawakuona mtu. Abram akavua kofia.

Geertje hakugeuka. Enzi za uhai wake, Teunis hakuwahi kumuuliza mkewe ampigie kura nani.

"Mpokeeni," akasema. "Huyo angalau ni mwanamume."

Akatoka na karatasi yake ya kura mkononi.