Mlinzi wa Ndiva ya Chini

Jumatano, tarehe 11 Oktoba. Ukungu asubuhi, kisha jua kali. Mvua za vuli bado.

Leo niliingia ndani ya ndiva ya chini kwa miguu yangu. Ningaliingia mwezi uliopita, nisingekuwa na mambo haya ya kuandika.

Tunazo ndiva mbili za kumwagilia, mabwawa ya mawe na udongo; zinajaa usiku, zinafunguliwa asubuhi. Bwana Shamba, Mwingereza, alitaka kubaki na mlinzi mmoja kwa zote mbili, akaniagiza mimi msimamizi nimwandikie nani anafaa. Mlinzi wa juu nilikuwa namkuta msafi, maji yamejaa pomoni. Wa chini ana tope hadi kiunoni, na ndiva nusu. Nikaandika: wa juu hodari, wa chini mzembe. Nilijiona nimetenda haki, maana wa chini ni wa ukoo wangu na sikumpendelea.

Tangu wa chini aachishwe kazi, ndiva ile haifiki hata robo. Leo nimeona sababu. Kaa wa mtoni wametoboa ukuta kila mahali. Matundu ya zamani yote yamezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, alama za vidole vyake zipo bado. Mapya yako wazi.

Nikamwuliza yule hodari.

"Mzee, kule juu kuna chemchemi. Hata mbuzi ungemweka, ungemsifu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanisifu, mzee."

Sikuweza kumkasirikia.

Nikaenda kwa Bwana Shamba, nikamwomba ndugu yangu arudishwe. Akasema barua imekwisha kwenda bomani Same. Na kama mzembe wa juzi leo ni hodari, kesho nitamwambia nini? Labda ana haki. Mimi mwenyewe sijui ningejiamini vipi.

Nikapita kwa mke wa yule niliyemwandika mzembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Ameandikishwa mkonge, Tanga. Alisema kama ndugu yake amemwita mzembe, nani mwingine hapa atampa kazi?"

Akanisogezea kigoda. Sikukaa. Sikumwambia habari ya vidole. Ningemwambia ili iweje?

Maharage ya bondeni, yanayonyweshwa na ndiva ya chini, yamekauka, yake na yangu. Jioni tulikula mahindi ya kuchemsha. Mke wangu aliyaita makande, lakini maharage hayakuwamo.